Zimwi Lililokuna Nazi

Arobaini ya kaka yangu ilipopita, nilimpelekea fundi redio mmoja wa Sinza mkanda wa video niliokuwa nimeuhifadhi kabatini miaka yote. Nilitaka kumsikia kaka. Picha zake ninazo, lakini sauti yake sina popote, na nilikuwa nimeanza kuisahau.

Mkanda ule aliutengeneza kwetu Mabibo, miaka ya tisini mwishoni, alipokuwa akisimamia banda la gemu uani. Mashine na televisheni vilikuwa vya mjomba. Siku moja mjomba alileta gemu jipya, la mtu anayetembea peke yake ndani ya nyumba yenye zimwi. Hakuna aliyeligusa. Wateja walitaka mpira. Mjomba akasema likikaa wiki mbili bila kuchezwa, anahamishia kila kitu Mbagala.

Kaka hakubishana. Alisema gemu linaanza polepole mno, kwa hiyo atalitengenezea trela, kama zile zinazotangulia kwenye mikanda ya sinema. Hakuna aliyemfundisha. Aliazima deki, akaunga waya kutoka kwenye mashine, akawa anacheza huku anarekodi: mlango unafunguka, kivuli, ngazi. Kisha akautoa muziki wote.

"Muziki unamwambia mtu aogope saa ngapi," alisema. "Mie nataka asijue."

Sauti tulizirekodi wenyewe kwa redio kaseti. Mimi nilishika maikrofoni, na mimi ndiye niliyekuwa yule mtu wa ndani ya nyumba. Nilipiga yowe moja tu. Kabla sijavuta pumzi, majirani watatu walikuwa uani, mmoja ana mchi, wanauliza mwizi kapita wapi. Kaka aliwaomba radhi, akawasindikiza, akarudi akiwaza.

"Usipige tena yowe. Pumua tu, kama mtu aliyejificha."

Zimwi likila, alitaka isikike mifupa. Alijaribu muwa, akajaribu muhogo mbichi, akavikataa vyote. Mwishowe akaketi kwenye mbuzi, akashika nusu ya nazi iliyokwisha nyama, akawa anakwangua kifuu kitupu karibu kabisa na maikrofoni. Mama akapita na ndoo.

"Makubwa. Mwanangu, leo umeolewa?"

"Nimeolewa, mama. Na mume mwenyewe mkali."

"Basi ukimaliza kukuna, mchele ule pale, uuchague."

Ilibidi turudie, kwa sababu nilicheka.

Nilimwomba atangaze mwishoni kwa sauti nzito. Akakataa. "Sauti yangu wanaijua. Kutwa nawaambia muda umeisha, mpe mwenzio. Wakinisikia humo watacheka."

Trela ilikuwa fupi, haifiki hata dakika mbili. Aliionyesha Ijumaa, watu walipotoka msikitini. Ilipofika pale zimwi linapokula, fundi baiskeli wa jirani, mtu mzima mwenye watoto, akasema anatoka kidogo kununua sigara. Hakurudi, na wala hakuwa mvutaji. Waliobaki waligombania zamu. Mashine haikwenda Mbagala.

Kule Sinza niliutazama mkanda mara tatu. Picha imechakaa, lakini bado inatisha. Nilizisikia pumzi zangu za ujana. Yeye sikumsikia. Kila mahali aliposema neno alikuwa amepafuta, hata ile "haya, anza" yake. Alikuwa fundi kweli, na sikuwahi kumwambia. Wakati ule niliona ni mchezo tu.

Fundi alinyoosha mkono azime. Nikamwomba arudishe nyuma kidogo, pale zimwi linapokula. Kifuu kinakwanguliwa haraka, kinapumzika, kinakwanguliwa tena. Siku ile maikrofoni nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Aliyekuwa juu ya mbuzi ni yeye.

Nikamwomba arudishe tena, na tena.

"Dada, hili zimwi umelipenda," fundi akasema.

Nikamwambia ni kaka yangu.