Chupa Kumi na Moja Uani

Barua ya posa ya binti yetu ilikuwa iletwe Jumamosi baada ya adhuhuri, na hadi Jumatano uani kwetu Kariakoo kulikuwa na nzi wengi kuliko penye meza za samaki sokoni. Mke wangu alitoa uamuzi bila kupandisha sauti.

"Nzi wakiwepo Ijumaa, washenga watapokelewa Magomeni kwa kaka yangu."

Nilimwelewa. Shemeji angekaa kiti cha mbele, angejibu kwa niaba yetu, na maisha yake yote angesimulia jinsi alivyomwozesha binti yangu.

Sikuwa nimekaa bure. Wiki mbili kabla, nilinunua kitabu cha mtumba kuhusu usafi wa mazizi, kwenye turubai la muuza vitabu. Kilieleza mtego wa nzi: kata shingo ya chupa ya maji, igeuze iingie ndani, na chini weka vichwa vya samaki. Nilitengeneza mmoja, nikautundika juu ya bomba la maji. Kesho yake ulikuwa umejaa. Nikaona njia inafanya kazi, nikaongeza wa pili. Kila jioni nilihesabu maiti na kuandika daftarini. Nzi walizidi, nami nikazidisha chupa. Zilifika kumi na moja, moja ikiwa juu ya mlango wa jiko.

Alhamisi nikamwita fundi wa kuua wadudu. Alikuja mama wa makamo, bomba la dawa mgongoni. Hakupuliza. Alizunguka ua polepole, akachungulia choo, akainamia mfereji.

"Kaka, hapa ni safi. Hizi chupa za nani?"

"Zangu. Mitego." Nikampa daftari.

Alisoma kurasa mbili kwa makini. "Hawa si nzi wa hapa. Umewatoa sokoni. Umewapigia ngoma, wakaja na jamaa zao."

Nikaleta kitabu kujitetea. Alisoma maelezo ya mtego, akafunua, akaniwekea kidole kwenye namba. Baada ya ukurasa wa sitini na nne ulifuata wa sitini na saba.

"Karatasi iliyochanika ndiyo inayosema utundike mbali na nyumba. Kila fundi analijua hilo."

Mke wangu alikuwa akichagua mchele. Aliinamia ungo, mabega yakitikisika. "Profesa," akasema, "na mimi wiki mbili nafukuza nzi kwa kanga."

"Si upulize basi?" nikamwambia fundi.

"Nikipuliza na chupa zipo, kesho watakuja wengine matangani."

Tukazifunga chupa kwenye viroba, nikakodi mkokoteni kuzipeleka kwenye kontena la taka. Nzi walitufuata kundi zima. Msukuma mkokoteni aligeuka mara tatu.

"Mzee, umebeba nini? Mbona tunasindikizwa?"

"Vifaa vya utafiti."

Niliporudi, fundi alikuwa amesugua kuta kwa sabuni na kupuliza kila pembe. Ijumaa mke wangu alikaa uani nusu saa, sahani ya halua wazi mapajani. Halua ilibaki yake peke yake. Akampigia kaka yake kumwambia shughuli ni kwetu, na yeye aje kama mgeni.

Jumamosi washenga walikaa kwenye mkeka, shemeji pembeni yangu. Msemaji wao akaanza taratibu, kama desturi: wamepita, wameona ua limechanua kwenye bustani yetu, wanaomba kuingia. Hapo nzi mmoja akatua juu ya pua yangu.

Nilimwona shemeji akivuta pumzi. Ningenyanyua mkono tu, angejibu yeye. Nikatulia. Nzi akashuka, akapita kwenye masharubu, akasimama kwenye mdomo wa juu. Nikasema kwa mdomo wa chini peke yake:

"Bustani ipo. Karibuni."

Wazee wakaitikia. Nikapokea barua kwa mikono miwili, na nzi akahamia kwa shemeji.