Cheni Mpya kwenye Meno ya Zamani

Naikumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, nilipochuchumaa uani Mfaranyaki mbele ya pikipiki ya mjomba wangu Gervas na kuicheka cheni yake. Shule nilikuwa nimeiacha mapema nikawa mtu wa kuhamahama, leo Mbinga kwenye kahawa, kesho Tunduru. Lakini kila kinachozunguka nilitaka kujua kinazungushwa na nini, basi nikajiona fundi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka tuliyozoea kuyaona na rafu tupu yakajaa vipuri vinavyong'aa. Pikipiki ya mjomba, ambayo rangi yake hata yeye hakuikumbuka tena, ilikuwa bado na cheni iliyotoka nayo kiwandani, pamoja na sproketi zake, yale magurudumu mawili ya meno, dogo mbele na kubwa nyuma.

Mkewe, Mwajuma, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, naye alimtaka mama yake. Mama huyo alikuwa Namasakata, huko Tunduru, na mvua zilikuwa mlangoni. Zikianza, barabara ile ilikuwa inafungwa mpaka kiangazi. Mjomba mwenyewe asingeweza kumfuata. Mtu na mama mkwe wake hupishana njiani macho chini. Watapandaje pikipiki moja, kifua kwa mgongo? Nikatumwa mimi.

Nikamwambia cheni ya umri ule haifiki Tunduru. Akaivuta pale nyuma ya sproketi kubwa, akanionyesha kwamba imelegea lakini bado imeshika meno. Nikang'ang'ania. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Mjomba hakuwa mtu wa kubishana. Aliniacha nifunge cheni mpya, kisha akaiviringisha ile ya zamani ndani ya kipande cha gunia na kunikabidhi.

"Nenda nayo," alisema. "Si nzito."

Kwenda nilikwenda vizuri, peke yangu, bila mzigo. Cheni ilikuwa inalia kidogo, nikadhani ndiyo sauti ya upya. Wakati wa kurudi nilimpakia Bibi Asiatu, mama yake Mwajuma, na kikapu chake cha unga. Tulipoanza kupanda kilima cha kwanza, cheni ikaanza kuruka meno. Injini inanguruma, gurudumu halisogei.

"Mjukuu wangu," aliniuliza, "mbona chuma chako kinakohoa?"

Nikashuka, nikatazama. Meno ya sproketi yalikuwa yamelika kidogo kidogo kwa miaka, na cheni ya zamani ilikuwa imerefuka nayo kwa kiasi kilekile. Vilichakaa pamoja, vikazoeana. Mgeni wangu, ile cheni mpya, hakupata pa kukaa. Nikamweleza bibi, naye akasikiliza akiwa ameketi juu ya jiwe, wingu limeanza kukusanyika nyuma yake.

"Kwa hiyo mpya hana kosa, na wazee hawana kosa," alisema. "Umewaozesha tu bila kuwauliza. Mrudishe wa zamani, binti yangu ananingoja huko."

Nikafungua gunia. Ile cheni niliyoicheka ilikaa kwenye meno yake kama mtu anayeketi kwenye kigoda chake, ikapanda kilima kile na vingine vyote. Tulifika Mfaranyaki Mwajuma hajajifungua bado. Mjomba alimwamkia mkwewe kutoka nyuma ya mlango, shikamoo ya mtu asiyeonekana. Usiku ule mvua ikashuka, na kabla haijakatika mtoto alikuwa mikononi mwa bibi yake.

Baadaye nilimuuliza mjomba cheni ya kiwandani inaishi miaka mingapi. Alikuwa anapasha moto mkebe wa oili iliyochanganywa na nta ya nyuki, apate kuichovya cheni baada ya kuiosha kwa mafuta ya taa.

"Haina umri wa miaka," alinijibu. "Umri wake ni vumbi na mafuta."

Nimeendesha na kutengeneza pikipiki nyingi tangu siku hiyo, mwanangu, na neno lake halijanidanganya. Usikitupe kitu kwa sababu ni cha zamani, wala usikibakize kwa sababu hiyo. Kivute, ukitazame. Cheni ikiachana na sproketi ya nyuma hata nusu ya jino ikaonekana, au meno yakipinda kama makucha ya mwewe, safari yake imekwisha. Iage kwa heshima. Na siku hiyo badilisha vyote vitatu, cheni na sproketi zote mbili, maana vilivyochakaa pamoja huondoka pamoja. Hivyo ndivyo tulivyofanya na ile ya mjomba, ilipofika zamu yake.

Mungu akujalie vyombo vinavyokufikisha, na wazee wa kukufungia gunia kabla hujalihitaji. Na mvua zako zote zikukute umeshafika nyumbani.