Mtaji Uliotaga Mayai

Mama alipofariki, baba akiwa ametangulia, waombolezaji walikula mpunga wote uliokuwa ghalani kwetu Idete, pamoja na ule wa mbegu. Sikuwalaumu. Msiba ulikuwa mkubwa na walikuja na watoto wao. Lakini baba mkubwa, aliyekuwa anaishi Chita, akasema kama mvua zitaanza kabla sijapata mbegu, atawagawa wadogo zangu wanne kwa ndugu, mmoja huku, mwingine kule. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili niwatunze, na sikukusudia kuwaona wakigawanywa kama vifaranga.

Nikaenda Ifakara mjini, kwa kuwa nilisikia serikali inasaidia wakulima. Inasaidia kutoka chumba kipi, hakuna aliyejua. Mlango wa kwanza nilimpa shikamoo bwana mmoja, akaniitikia vizuri, nikamweleza shida yangu yote kuanzia ugonjwa wa baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole. Alikuwa amekuja kutengeneza taipureta. Mlango wa pili alikaa bwana misitu, mtu mkarimu, akanipa bure miche ya mitiki ya kuhifadhi ardhi. Nikaibeba kichwani hadi nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho akaizunguka, akauliza italiwa lini. Nikamwambia hiyo ni miti ya mbao. Akauliza mbao zinaliwa na mboga gani.

Safari ya pili nikampata bwana shamba. Mbegu zipo, akasema, ila hapewi mtu mmoja mmoja. Zinapewa kikundi cha watu wasiopungua watano, chenye viongozi na mtaji, naye angekuja mwenyewe kukikagua. Nikamjibu kwamba kikundi kipo. Nilikiunda njiani wakati wa kurudi. Mimi mwenyekiti, mdogo wangu anayenifuata katibu, mapacha wajumbe, na yule wa mwisho mhazini, kwa sababu hakujua kuhesabu na kwa hiyo asingeweza kuiba. Mtaji ulikuwa tetea wetu mwekundu. Alikuwa anataga vizuri sana.

Siku ya ukaguzi baba mkubwa naye akaja, akakaa uani kusubiri nishindwe. Mimi nikaenda barabarani kumpokea bwana shamba. Tulipofika nyumbani nikasikia harufu ya kitoweo, nikadhani ni kwa jirani. Tukanawa mikono. Katibu akaleta ugali na bakuli lililofunikwa. Alipolifunua, nikautambua mtaji wetu kwa mapaja yake.

Nikamvuta pembeni. Akanong'ona kwamba mgeni wa serikali hawezi kupewa matembele, na mimi mwenyewe najua hivyo. Kweli nilijua.

Bwana shamba alikula kwa raha, firigisi akapewa yeye, akasifu chumvi. Kisha akajifuta mdomo.

"Haya, mwenyekiti. Nionyesheni mtaji wa kikundi."

Mhazini akasimama wima, kama tulivyomfundisha, akanyoosha kidole kwenye sahani ya mgeni.

"Shikamoo. Mtaji ndio huo. Umebaki shingo."

Baba mkubwa alipaliwa na ugali. Bwana shamba akaitazama ile shingo kwa muda.

"Nani aliidhinisha matumizi haya?"

"Kikao," katibu akajibu.

"Wajumbe walitimia?"

"Wote, isipokuwa mwenyekiti. Alikuwa amekufuata wewe."

Hapo baba mkubwa akapata sauti. "Bwana, hiki si kikundi. Hawa ni watoto wa marehemu mdogo wangu."

"Najua, mzee. Sura ni ile ile kwa wote watano." Bwana shamba akaichukua shingo, akaanza kuitafuna polepole. "Kwingine naambiwa tu kwamba mtaji upo. Wa hapa nimeuthibitisha mwenyewe. Jumatatu waje na gunia."

Nilishika mguu wa kigoda ili nisiruke. Baba mkubwa aligeuza tonge mkononi, akatutazama mmoja mmoja, mhazini akamtazama yeye. Mwishowe akasema mbegu si kitu kama shamba bado ni majani matupu, na kwa nini hatujaanza kulima, au tunasubiri kikao kingine.

Kesho yake alipanda treni ya kurudi Chita peke yake, na wadogo zangu wote wanne walikuwa shambani na majembe, mhazini akiburuta lake kwa mpini.