Mama Bertille na Jumamosi ya Kwanza

Shemeji yangu Bertille alikuwa mwanamke wa ndagala. Nalisema hilo mapema ili ieleweke kwamba hakuzaliwa na hamu ya kukimbizana na masharti ya skauti. Kutwa alikuwa ufukweni hapa Kalemie, mgongo umeinama, akitandaza vile visamaki vidogo vya ziwa vikauke juani, na jioni alirudi nyumbani magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Sauti yake ilikuwa kubwa na hasira yake ilikuwa karibu. Lakini ukimwazima sufuria, aliirudisha imesuguliwa vizuri kuliko ulivyompa.

Mwenye skauti damuni alikuwa mume wake, Ignace, kaka yangu mkubwa. Alikuwa fundi katika karakana ya reli, na kila Jumapili baada ya misa aliongoza kikosi cha wavulana wa mtaa wetu wa ufukweni. Kisha serikali ya Zaire ikafunga vikundi vya vijana vya kanisa na kuwasukuma watoto wote katika kimoja tu, kile cha chama tawala. Ignace akaambiwa arudishe vitu vyote vya kikosi. Alirudisha bendera na firimbi. Fulari ya shingoni, ya kijani yenye ukingo mwekundu, aliishona ndani ya mto wa kulalia, katikati ya sufi. Miaka ile hata majina ya ubatizo yalikatazwa, hivyo kazini aliitwa Kisimba na nyumbani Ignace, na wote wawili walilalia mto uleule.

Alikufa kabla mambo hayajabadilika. Akiwa kitandani hospitalini alimwomba mke wake kwamba siku vikosi vitakapofunguliwa tena, wavulana wa ufukweni wasisahauliwe. Bertille akaitikia, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa, bila kujua amekubali nini.

Alikuja kujua mwaka 1991. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, majina ya ubatizo yamerudi, na skauti wakaanza kuonekana tena mjini. Célestin, aliyekuwa mtoto wa kikosi cha Ignace na sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, akajitolea kuwa kiongozi. Alikwenda Lubumbashi kwa treni kupata mafunzo, akarudi akiwa amekonda lakini ana ruhusa. Wavulana walikuwepo, tena wengi mno. Kilichokosekana ni kundi la watu wazima la kukidhamini kikosi, maana bila kundi la namna hiyo hakuna kikosi. Wanaume wa mtaa walikuwa na kundi lao, ila vikao vyao viliishia kwenye pombe na ugomvi. Basi Bertille akawakusanya wanawake wenzake wa ndagala, akawaambia kuanzia leo sisi ndio wadhamini. Hakuna aliyethubutu kukataa.

Hapo ndipo Papa Basile alipoingia katika maisha yetu.

Papa Basile, maana kwetu mtu mzima huitwa Papa, yaani baba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na skauti wa mji walikuwa wamempa kazi ya kuyakagua makundi ya wadhamini. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alituchosha. Masharti alikuwa nayo yote kichwani, ila hakuyatoa yote kwa pamoja. Alitoa moja, tukahangaika nalo, tukamaliza, kisha akatoa lingine kwa sauti ileile ya upole. Mimi nilikuwa karani bandarini na Kifaransa changu kilikuwa kizuri kidogo, kwa hiyo kila mara niliitwa nimweleze shemeji yangu kile ambacho mwalimu ametaka safari hii.

Kwanza alitaka mahali pa kukutania penye paa. Wanawake wakaondoa nyavu kuukuu kwenye stoo yao, wakaifagia, wakapaka chokaa. Akaja akatazama, akasema vizuri, sasa choo kiko wapi? Mtu anayejua ufuko wetu anajua kwamba kuchimba choo mchangani ni kujitafutia balaa. Célestin na wavulana walichimba asubuhi, na mchana shimo lilikuwa limejaa mchanga tena. Wakachimba mara ya pili, likaporomoka na kummeza mmoja wao mpaka kifuani. Mwishowe niliomba bandarini mapipa matupu ya mafuta, tukayatoboa chini na kuyashusha moja juu ya lingine, choo kikasimama. Papa Basile akaja, akachungulia, akasema vizuri, sasa nahitaji kamati.

"Kamati ya watu watano," alisema, "wote wawe wa kundi lenyewe. Na katibu ajue kusoma na kuandika Kifaransa."

"Papa Basile," Bertille akamwambia, "sema yote leo. Nakuomba. Sema yote, tujue musalaba wetu urefu wake."

"Mama, hatua kwa hatua," akajibu.

Nilimshika shemeji yangu mkono, maana nilimwona anatafuta cha kurusha.

Sharti lililotutesa kuliko yote lilikuwa la vikao. Papa Basile alitaka kundi likutane kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, ndani ya stoo. Yeye angekuja mara tatu bila kutuambia amechagua mwezi gani. Akikuta hakuna kikao mara zote tatu, ombi letu la kudhamini kikosi linafungwa, na wavulana wanagawanywa katika vikosi vya juu mjini, watakaoweza kufika huko. Wengi wasingefika, na yeye alilijua hilo.

Sasa, hapa kwetu ndagala huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hushuka ziwani na taa, samaki wakaifuata taa, nyavu zikainuliwa. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, taa haivuti kitu, na mitumbwi inalala ufukweni. Maisha yetu yote yanakwenda hivyo. Arusi ni wakati wa mbalamwezi. Kumaliza matanga, kuamua ugomvi wa mipaka ya uwanja, kusuka nywele, yote ni wakati wa mbalamwezi, kwa sababu siku za giza mitumbwi inaingia alfajiri imejaa, na mwanamke asiyetandaza asubuhi ile mchana anatupa uozo. Bertille alimweleza hayo Papa Basile siku ileile, mbele yangu.

"Sisi tunakutana kila mara, hatukosi," alisema. "Lakini ni wakati wa mbalamwezi. Siku ya posho ya kwanza, hiyo Jumamosi yako, pengine iko giza. Nitaacha ndagala kwa nani?"

Papa Basile alikuwa amezaliwa mbali na ziwa na kufika hapa kwa treni. Alitabasamu.

"Kundi lenye uthabiti lina siku yake, Mama."

Basi akaja mara ya kwanza, usiku uliotangulia ulikuwa wa giza, na stoo ilikuwa tupu. Ufuko wote ulikuwa mweupe kwa ndagala na wanawake wameinama juu yake, umbali wa kutupa jiwe. Hakushuka. Viatu vyake havikupenda mchanga. Alisimama kwenye mlango wa stoo, akaandika, akaondoka. Kuna miezi ambayo Jumamosi ile iliangukia mbalamwezi, na siku hizo wanawake walikaa stoo wamevaa vitenge vya misa, wakamngoja mpaka jua kali. Hakuja. Alipokuja mara ya pili ilikuwa giza tena. Nililetewa maneno yake nimsomee Bertille: kundi halina uthabiti. Nilikasirika mpaka nikaacha kusalimiana naye barabarani.

Katikati ya hayo, Virginie, aliyekuwa katibu wetu, akahama kumfuata mume wake kijijini Zongwe. Tukabaki na kamati ya watu wanne, na kati ya wanawake waliobaki mmoja tu ndiye aliyejua Kifaransa. Huyo alikuwa Mama Angélique, mke wa Papa Basile.

Ndiyo, mke wake mwenyewe. Mwaka ule mshahara wa walimu ulikuwa umekwama, na wake za walimu wengi waliteremka ufukweni kimyakimya. Angélique alikuja akiwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Alimwomba Bertille amfundishe kutandaza na kugeuza, akamwomba pia jambo moja zaidi, mume wake asijue. Alikuwa akimwambia kwamba ndagala zinatoka kwa kaka yake anayeishi Mpala. Mwalimu ana heshima yake, alisema, na ni heshima peke yake iliyobaki nyumbani. Bertille akawatazama wanawake wote mmoja mmoja, na ufuko mzima ukafunga mdomo.

Nilimwambia shemeji yangu mara nyingi: mtie Angélique awe katibu, tumalize. Alinijibu kwa ukali.

"Damien, huyu mama alinipa siri yake. Nimuuze kwa sababu ya fulari?"

"Na kama ombi likifungwa?"

"Likifungwa, nitamueleza Ignace mwenyewe nikifika kwake."

Nikarudi kazini nimenuna. Niliona anaharibu kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya haya ya mtu mwingine, tena mke wa yule yule aliyekuwa akitutoa jasho.

Jumamosi ya mara ya tatu, usiku ulikuwa wa giza na mitumbwi iliingia imejaa mpaka ukingoni. Tangu ile mara ya pili Bertille hakuiacha tena stoo tupu Jumamosi ya giza, alinisimamisha mimi mlangoni. Papa Basile alipofika nilimwambia kikao kipo, ila kipo chini. Nikatangulia bila kungoja jibu. Akanifuata, viatu vinajaa mchanga, midomo ameikunja.

Bertille alikuwa ameweka kiti kimoja katikati ya ndagala, kiti cha sebuleni kwake. Wanawake wote walikuwepo, wameinama, mikono inakwenda. Célestin na wavulana walisimama mstari kando ya maji.

"Kaa, Papa Basile," Bertille akasema. "Kikao kimefunguliwa. Tutakujibu huku tunafanya kazi."

Alikaa. Nadhani hakuona la kufanya. Akauliza rais ni nani, Bertille akainua mkono wenye magamba. Akauliza makamu, mtunza mali, mshauri, nao wakainua mikono, kila mmoja akarudi kwenye ndagala zake. Kisha akauliza katibu.

Niliwaona wanawake wanazidi kuinama. Bertille alisimama wima, akapangusa mikono kwenye kitenge chake, na nilijua kabisa anakwenda kusema hatuna. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefunika kaburi. Nilitamani kumpiga mtu, sijui nani.

"Papa Basile," akaanza, "katibu..."

"Katibu ni miye."

Mwanamke mmoja, nyuma kabisa, aliyekuwa amempa mwalimu mgongo muda wote ule, alinyooka na kugeuka. Alikuwa amekisukuma kitambaa kikatoka kwenye nyusi.

Papa Basile aliinuka, akaketi, akainuka tena.

"Mama Jean-Baptiste," alisema taratibu, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Unafanya nini hapa?"

"Naanika."

"Na kaka yako wa Mpala?"

"Kaka yangu hajatuma kitu tangu Noeli. Siku ile ya kwanza ulisimama pale juu, ukaandika hakuna muntu. Nilikuwa hapa. Nilikuona, nikaficha uso. Jioni ulikula, ukasema ndagala za leo ni nzuri. Zilikuwa za hapa. Mara ya pili njo ilikuwa vilevile."

Hakupaza sauti. Maji yalisikika, na mikono ya wanawake ikiendelea kugeuza. Papa Basile alitazama ufuko kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ahamie mji huu. Jicho lake la kushoto lilianza kucheza. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima nimwone anaaibika, na alipoaibika sikupata raha niliyoitegemea.

"Kama munataka kugombana, mugombane nyumbani," Bertille akasema. "Hapa jua linapanda."

Papa Basile akatoa kalamu. Aliuliza bila kuinua macho, na hakumwuliza rais, alimwuliza katibu.

"Kundi linakutana siku gani?"

"Wakati wa mbalamwezi," Angélique akajibu. "Kila mara. Hatukosi."

Akaandika hivyo, akatia sahihi. Kisha akavua viatu, akakung'uta mchanga, na akavishika mkononi alipokuwa akipanda kurudi mjini. Angélique alibaki mpaka ndagala zake zikauke.

Wavulana walikula kiapo chao mbalamwezi iliyofuata, jioni, mbele ya stoo. Bertille alikuja na mto chini ya kwapa, watu wakacheka. Akaupasua kwa wembe mbele yetu, sufi ikaruka ikatujaa vichwani, akaivuta ile fulari. Ilikuwa na mikunjo iliyogoma kunyooka na panya walikuwa wameonja pembe moja. Alimfunga Célestin shingoni. Papa Basile, aliyekuwa amesimama karibu na mke wake, akakohoa.

"Rangi za zamani," alisema kwa upole wake uleule, "kwa kawaida zinaombewa ruhusa..."

"Papa Jean-Baptiste," Angélique akasema.

Akaanza kupiga makofi.

Célestin alianza kulia waziwazi, ndevu na yote. Bertille, aliyekuwa hajalia kwa choo, wala kwa kamati, wala kwa mwaka mzima wa Jumamosi, alishika lile ganda la mto lililobaki bapa mikononi na kulikazia macho muda mrefu. Kisha akalipiga vumbi kwa nguvu, kama limemkosea.

"Miaka yote hii nimelalia skauti," alisema. "Sasa muwabebe wenyewe."