Nguzo Zilizokatwa

"Injinia, umesomea matetemeko ya ardhi mpaka ukaota mvi, mbona nyumba anayokaa mama yako huiponyi?" jirani alimuuliza siku moja, akicheka.

Injinia hakucheka. Mwenye nyumba alikuwa amekata nguzo mbili za chini ili duka lake lipate mlango mpana, na chumba cha mama kilikuwa nyuma ya duka hilo, na ghorofa tatu juu yake. Alimsihi azirudishe, akaambiwa asiyependa ahame. Alikwenda kwa wakubwa wa mji, wakampa kiti na maneno matamu tu.

"Njoo ukae kwangu, mama."

"Kwako ghorofa ya tano, magoti haya nitayapandishaje? Mungu ni yule yule, mwanangu."

Injinia akakisukuma kitanda cha mama.

"Basi naomba ulale hapa, karibu na mlango wa nje."