Kichwa cha Chuma cha Mzee Ndeti

Mzee Ndeti wa Matinyani alikuwa fundi wa mipini. Majembe ya dukani huja bila mpini, na watu walimpelekea yeye kwa sababu mpini wake haukuchomoka. Alichonga mti mkavu, akafuta tundu la jembe kwa kitambaa, akapachika, kisha akagonga mara moja juu ya jiwe na kutega sikio. Mlio ukiwa mzito, ameridhika. Ukilia kama sufuria, anachomoa na kuanza upya, hata mwenye jembe anung'unike vipi. Nilimheshimu kwa hilo. Nami nilijiona mtu wa kazi safi.

Mwaka 1989 alianguka kutoka juu ya mti akikata mipini, akavunjika nyonga. Mfupa ulikataa kuunga. Miaka miwili alitembelea magongo huku mkewe Mbinya akilima peke yake, mpaka hospitali yetu ya misheni ilipompata daktari mgeni kutoka Nairobi, aliyekuja mara moja kwa mwezi kuweka nyonga za chuma. Mimi, Nthenya, nilikuwa muuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji. Ndimi niliyempa daktari vyombo mkononi.

Nyonga hiyo ilikuja vipande. Kuna kipande kirefu kinachoingizwa ndani ya mfupa wa paja, na juu yake hutokeza shingo ya chuma. Kwenye shingo hiyo daktari hupachika kichwa, cha mviringo kama ndimu, hapo hapo mezani. Hakuna skrubu wala gundi. Kinachokishika ni chuma kikavu juu ya chuma kikavu, na pigo moja la nguvu lililonyooka. Karatasi iliyokuwa kwenye boksi ilisema hivyo, na nilikuwa nimeisoma mara mbili.

Siku ya upasuaji mzee alidungwa sindano ya mgongo akafa ganzi kuanzia kiunoni, lakini yeye mwenyewe alikuwa macho nyuma ya pazia. Daktari alikuwa na haraka. Alikuwa amealikwa kula mbuzi Machakos, njiani kurudi Nairobi, na tangu kisu kiingie hakuongea kingine: mbavu, mutura wa utumbo, supu. Mikono yake imezama katika nyama ya mtu, mdomo umejaa mate ya uchu wa mbuzi.

Shingo ya chuma ilikuwa imelowa damu na mafuta ya mfupa. Nilimnyooshea kitambaa kikavu. Hakukitazama. Alichukua kichwa, akakipachika juu ya uchafu ule ule, akagonga mara tatu, upande upande, kwa mkono mlegevu wa mtu anayebisha hodi kwa mkwe.

Nyuma ya pazia mzee akasema, "Daktari, hiyo kitu haijaingia. Nimesikia mlio."

Daktari akacheka. "Mzee, wewe tengeneza jembe, mimi nitatengeneza watu."

Thieta nzima ilicheka. Nami nilicheka, nikarudisha kitambaa kwenye trei. Mpaka leo nikikumbuka kicheko changu natamani kutema mate.

Mwaka wa kwanza mzee alitembea vizuri. Wa pili, nyonga ikaanza kugonga ndani kila akiinuka kitini. Wa tatu, paja lilivimba akarudi kwenye magongo. Daktari mgeni alimpima dakika tano, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakufuata maagizo, alirudi kulima mapema. Uongo mtupu, na wa mtu mvivu. Baada ya hapo akaacha kuja kwetu, lakini maandishi yake yakabaki.

Mwaka 1994 tulimpata Daktari Mwangangi. Alisoma faili, nami nimesimama kando, akawaeleza mzee na Mbinya kwa upole kwamba kumfungua tena mtu asiyefuata maagizo ni kumhatarisha bure, na kwamba afadhali akae na magongo yake. Mbinya alisema shamba analima yeye, mzee hajagusa ardhi. Daktari akaonyesha sahihi ya yule daktari mgeni kwenye faili. Basi nikaona kwamba huyu fundi atakufa kiwete kwa sababu ya mstari mmoja, na pale chumbani aliyejua ukweli wake ni mimi.

Mzee alinigeukia. "Sista, si wewe ulikuwa hapo? Sema."

"Kichwa kilipachikwa juu ya damu, daktari," nikasema. "Nilikuwa nimeshika kitambaa, na sikusema kitu."

Daktari Mwangangi akachukua kalamu, akakata ule mstari na kuandika tarehe ya upasuaji, Alhamisi. Mbinya alilia. Mzee hakulia. Aliomba jambo moja tu.

"Huyu sista akae nje."

Alhamisi nilikaa chumba cha kuoshea vyombo. Waliniletea kile kichwa kwenye beseni dogo, wakaniambia kilitoka kwa vidole viwili tu. Ndani ya tundu lake mlikuwa na utando mweusi unaoteleza, wenye harufu ya sarafu zilizoshikwa na jasho. Nilikisugua kwa brashi karibu saa nzima, ingawa kilikuwa kinaenda kutupwa.