Mdhamini Asiye na Hata Kuku

Mnicheke tu, nimezoea. Mimi muuza maharage wa soko la Nakivubo, hata salamu nazihesabu mara mbili kabla ya kuitikia. Juzi wakili mmoja wa kike alinipigia simu: "Marehemu kaka yako alikuandika wewe mdhamini." Mdhamini ninayemjua mimi ni yule anayenyang'anywa godoro mkopaji akitoroka.

Nikaenda ofisini kwake nikijifanya jirani.

"Mama, huyo mnayemtafuta ni mtu wa hovyo! Hana hata kuku. Na mizani yake inaiba."

"Kwa hiyo haaminiki?"

"Hata kwa chumvi."

Wakili akashusha pumzi. "Pole yake binti wa marehemu. Hapa hakuna deni. Marehemu alimwachia duka, na mdhamini ndiye wa kumtunzia mpaka akue. Lakini kama hafai, binti ana haki ya kuomba duka litunzwe na mtu mwingine."

Kabla sijameza mate, mlango ukafunguka. Alikuwa Achieng, mtoto wa kaka yangu, na sare yake ya shule.

"Baba mdogo! Kumbe umeshafika!"

Wakili akavua miwani, akanitazama, kisha akamgeukia mtoto.

"Binti, hebu niambie. Huyu baba yako mdogo ana kuku?"